Waya wa Pili

Tangu Kidawa aajiriwe, chakula hakikumpita kooni Chausiku, fundi wa siku nyingi wa kompyuta za hospitali. Miaka yote seva, kompyuta kuu ya hospitali, ilifikia ghala la kumbukumbu za wagonjwa kwa waya mmoja mweusi, aliouchomeka Chausiku kwa mkono wake. Sasa huyu binti ameongeza wa pili, wa buluu, na Bwana Lugendo, mkuu wa hospitali, haishi kumsifu.

"Ukikatika mmoja, mafaili ya wagonjwa yanapita kwenye mwingine," mkuu alisema mbele ya wote wawili. "Haya Chausiku, tujaribu. Chomoa huo wako."

Huo wako! Neno lilimchoma, lakini alikuwa na lake moyoni. Jana jioni, alipobaki peke yake, aliulegeza ule wa buluu, kidogo tu, usionekane. Leo ingejulikana fundi ni nani.

Akaushika waya mweusi, akauvuta.

Taa za kijani za seva hazikutetereka. Dirishani, karani aliendelea kuita wagonjwa kutoka kwenye kompyuta yake, jina baada ya jina.

"Hapo sawa!" Bwana Lugendo akapiga makofi, akaenda zake.

Kidawa alingoja mlango ufungwe. "Asubuhi niliukuta wa buluu umelegea, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nikaukaza."

"Panya hao," Chausiku akajibu.

"Labda."

Kidawa akanyoosha mkono apewe ule mweusi, aurudishe mahali pake. Chausiku akaukamata kwa mikono miwili, asiuachie, na taa zikazidi kuwaka bila huo.