Kiti cha Dereva

Kiti cha dereva kilikuwa kimekwama mbele kabisa, karibu na usukani, na mke aliliona hilo kabla mumewe hajaingiza kichwa garini. Alijaribu kukisukuma nyuma haraka haraka. Reli haikusogea.

"Acha, utaumia mkono," mume alisema, spana ikiwa tayari mkononi. Akaitazama reli. "Mbona kiko huku mbele?"

"Itakuwa kishindo cha ajali."

"Eeh. Huenda."

Alifungua boliti nne, akakibeba kiti mpaka barazani. Mke alibaki ameshika mlango wa gari.

Mume alikuwa fundi cherehani, mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Mnara. Mkewe hakumfikia begani. Gari lao la njia za porini lilikuwa limetoka gereji wiki ile, zima kabisa isipokuwa kiti hicho kilichochanwa na vioo. Mke alitaka kipelekwe kwa mafundi wa viti, tena mbali na nyumbani. Mume alicheka.

"Kiti ni suruali isiyotembea. Mimi nishindwe na suruali?"

Ajali ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Walikuwa wakirudi safari, mama yake Mnara amelala kiti cha nyuma, gari likatumbukia mtaroni. Mama alivunjika mguu. Mnara aligonga kichwa, na alipozinduka hospitali hakukumbuka chochote tangu chakula cha mchana. Watu waliokuja kuwaokoa walimkuta mke amekwisha kumvuta mumewe hadi kwenye nyasi. Wakauliza nani alikuwa anaendesha.

"Mume wangu," alijibu.

Maneno mawili tu, yakamtoka kabla hajayafikiria. Leseni yake ilikuwa haijamaliza hata mwezi, na mama mkwe alikuwa ameapa kwamba hataendeshwa na yeye. Walibadilishana viti mama alipopitiwa na usingizi, maana mume alikuwa hoi. Na gari lilipotoka barabarani, mke alikuwa ameinama kuokota simu.

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alihamia kwa binti yake. "Sikai na mtu aliyesinzia kwenye usukani akanivunja mguu," alisema, na Mnara akainamisha kichwa. "Una haki, mama." Kila Jumapili alimpelekea matunda, na kila Jumapili dada yake aliyapokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Mke alisimama nyuma ya mumewe akitamani ardhi ipasuke.

Kulikuwa na mto wa sebuleni pia. Bila kuukalia mto ule mke hakuweza kuona mbele ya boneti. Baada ya ajali aliuchoma nyuma ya nyumba, asije mtu akauliza ulikuwa unatafuta nini garini, kisha akasema paka wa jirani ameuharibu. Mume hakuuliza lolote. Hilo nalo lilimtesa.

Barazani walifanya kazi siku tatu. Mke aling'oa kwa koleo pete za waya zilizobana kitambaa cha zamani. Mume alifumua mishono kwa wembe, akavitandaza vipande juu ya ngozi bandia mpya, akavizungushia chaki na kuandika kwenye kila kimoja: kushoto, kulia.

"Niliwahi kumshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto," alisema. "Hajanisamehe mpaka leo."

Mke alicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Mume alipofika kwenye sponji aliibonyeza hapa na pale, mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Halafu akakata bamba jipya, nene vidole vinne, akalibandika juu ya lile la zamani kwa gundi.

"Yote hiyo ya nini?" mke aliuliza.

"Mgongo. Tangu ajali hautaki kiti kigumu."

Hata mgongo wake nimemharibia, mke aliwaza, na machozi yakamlenga.

"Kalia kidogo, nione inavyobonyea."

Akakalia. Mume alichuchumaa, akayatazama magoti ya mkewe, akaandika tarakimu mbili ukutani kwa chaki.

"Mume wangu, kuna kitu nataka..."

"Subiri, shika hapa. Vuta kwako."

Alikuwa ameifunika sponji kwa mfuko wa nailoni ili ngozi iteleze. Mke akavuta kwa nguvu zote. Ngozi ilipokaa sawasawa, ujasiri ulikuwa umekwisha kumtoka.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Mume aliipaka reli grisi mpaka ikateleza, akakirudisha kiti garini na kukaza boliti, huku mkewe akiosha matunda ya mama. Leo nasema, mke alijiapiza mbele ya beseni. Nitasema kabla hatujafika kule, hata kama atanifukuza. Alitoka na mfuko wa matunda.

"Panda," mume alisema, akiupokea mfuko. "Nataka kuona mshono ukikaliwa."

Alipanda. Bila kunyoosha shingo aliiona boneti yote mpaka mwisho wake. Miguu yake ilifika kwenye pedeli bila kujivuta, nyayo zikakaa zote. Kiti kilimkaa kama gauni alilopimiwa.

Mume alizunguka gari, akaingia upande wa abiria, akauweka mfuko wa matunda mapajani na kufunga mkanda.

"Sasa huhitaji tena mto wa sebuleni," alisema. "Twende kwa mama, ukamwambie mwenyewe."