Sentensi ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mwanamke yule hakuomba chakula wala nafasi kwenye gari. Alitaka sentensi moja ifutwe.

Alikuwa amesimama kati ya Mwalimu Ezekia na lori la mfanyabiashara Mulji la kwenda Iringa, kitabu mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Ezekia alikitambua kitabu kwa mbali. Kilikuwa chake: Tuijue Bahari, kurasa thelathini na mbili, alichowaandikia watoto wa shule za milimani ambao hawajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Chapa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Masahihisho ya chapa ya pili yalikuwa ndani ya bahasha kwapani mwake, na mpiga chapa wa Iringa alikuwa ameandika kwamba yasipomfikia kesho asubuhi, mashine itapewa kazi nyingine hadi mwaka ujao.

"Saa tatu naondoka, Mwalimu," alisema Liberatus, dereva, akikaza kamba za turubai juu ya magunia ya viazi. "Mulji hataki nilale Mafinga."

"Nakuja." Ezekia akamgeukia mwanamke. "Niambie upesi, mama. Sentensi gani?"

Alisema anaitwa Tusajigwe, wa Isongole, na ametembea tangu jana. Kusoma hakujua. Alikuwa amesomewa na Sekela, binti wa jirani, walipokuwa wakipukuchua maharage, kisha akamwomba aweke alama ya mkaa mahali penyewe. Akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akaweka kidole juu ya alama.

Ezekia hakuhitaji kusoma. Aliijua kwa moyo: chini kabisa ya bahari hakuna mwanga; ni giza mchana na usiku, tangu mwanzo wa dunia. Mkaguzi wa shule aliwahi kuisifu sentensi hiyo mbele ya walimu wote.

"Ifute," alisema Tusajigwe.

"Siwezi, mama. Ni kweli."

"Sisemi ni uongo. Nasema Gideoni anaogopa giza."

Kumbe ni mambo ya mtoto. Ezekia akashusha pumzi. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minne, na kila darasa lilikuwa na mmoja wa namna hiyo.

"Mwambie bahari iko mbali. Kutoka hapa Mbeya hadi pwani ni zaidi ya maili mia tano. Giza lile haliwezi kumfuata."

Tusajigwe alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Maji hayaogopi," alisema. "Nyoka haogopi. Giza tu. Nilikuwa namwachia kibatari mpaka asinzie. Sasa huko aliko, nani atamwashia?"

"Yuko bweni?"

"Yuko mbali. Wako wengi pamoja, vijana wa huku."

"Basi atazoea, akiwaona wenzake."

 Liberatus alipanda, akawasha injini, akapiga honi mara moja. Ezekia akajaribu kupita upande wa kushoto. Tusajigwe naye akasogea kushoto. Hakupaza sauti. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi siku nyingi.

"Wewe umesoma, Mwalimu. Huko chini hakuna kitu chochote kinachowaka? Hata kidogo?"

Ezekia alifungua kinywa aseme hakuna, kisha akakumbuka. Kulikuwa na aya nzima aliyoiandika kisha akaikata mwenyewe. Ilihusu samaki wa kilindini wenye mwanga katika miili yao. Aliikata kwa kuogopa kwamba mkaguzi atamcheka, na watoto watadhani anawatungia hadithi.

"Wapo samaki wenye taa," alisema.

"Unanituliza tu."

"Sikutulizi. Wataalamu walishuka wakawaona. Wanang'aa kama vimulimuli."

"Mbona hukuandika?"

 Ezekia aliichana bahasha, akatafuta ukurasa, akautandaza juu ya boneti ya lori. Injini ilikuwa ikitetemesha karatasi na mwandiko ukawa mbaya. Nafasi haikutosha. Akayatazama maneno aliyoyapenda kuliko yote, tangu mwanzo wa dunia, kisha akaikata sentensi nzima, na badala yake akabana maneno mapya hadi ukingoni.

"Mwalimu, saa tatu na robo," alisema Liberatus.

"Nisomee," alisema Tusajigwe.

Ezekia akasoma taratibu, ingawa miguu yake ilikuwa tayari inataka kukimbia. "Chini kabisa ya bahari jua halifiki. Lakini wako samaki wengi wenye taa zao wenyewe, na wanapopita, giza linaondoka."

"Wengi?"

"Wengi, mama."

"Na hiyo taa yao haizimwi na maji?"

"Haizimwi."

Tusajigwe alivuta kanga yake, akaifunga upya kiunoni, akatoka mbele ya lori. "Ndaga, Mwalimu," alisema, shukrani ya kwao.

Ezekia alirukia kiti cha mbele akiwa bado anarudisha karatasi ndani ya bahasha. Lori lilianza kusogea. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alijisikia mwepesi, akatoa kichwa dirishani.

"Kitabu kikitoka nitamtumia Gideoni nakala yake. Yuko shule gani?"

Tusajigwe alitembea hatua chache kando ya lori, mkono wake ukiwa juu ya mlango.

"Shule alimaliza zamani," alisema. "Gideoni alikuwa askari. Meli yao ilizama vitani mwaka wa arobaini na nne, na barua ya serikali ilisema maji ya pale ni marefu mno, hawakuweza kumtoa."