Mwombaji Aje Mwenyewe

"Koti linanibana," mwanamume alisema.

"Vumilia. Ukiingia usinyanyue mikono." Mwanamke alimfunga kifungo cha shati, akamtoa uzi begani, akarudi nyuma kidogo kumtazama. Kisha aligeuza uso haraka na kujifanya anatafuta kitu mkobani.

Benchi la korido lilijaa wenye biashara ndogo: fundi viatu, mwoka mikate, muuza taa. Wote walikuwa wameomba ruzuku ile ile, fedha za serikali za kuwasaidia wadogo kama wao waanze kuendesha kazi zao kwa kompyuta. Mlangoni palibandikwa tangazo: mwombaji aje mwenyewe. Punde tu mama mmoja aliyekuja badala ya dada yake aliyelazwa alikuwa ametoka mle ndani macho chini. Ombi la dada yake lilikuwa limefutwa.

"Umeona," mwanamke alinong'ona. "Ukiulizwa, jibu wewe."

"Na nikisahau?"

"Hutasahau. Jana ulisema vizuri."

Wazo lilikuwa la mumewe tangu mwanzo. Mwanamke mwenyewe aliridhika na udobi wao ulivyokuwa: beseni, pasi mbili, kamba za kuanikia nyuma ya nyumba. Mumewe ndiye aliyehangaika na ombi lile wiki nzima, akifuta na kuandika upya, akimfuata na karatasi hata akiwa anasuuza mashuka. "Nisomee likiisha," alimjibu siku moja kwa ukali. Neno lile sasa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku hizi nyumba ilikuwa kimya, kimya kama cha watu walionuniana, na kitandani alilala ukingoni kabisa.

Waliitwa.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alitazama kitambulisho, akamtazama mwanamume, akarudi kwenye picha.

"Umenawiri, bwana."

"Chakula cha nyumbani," mwanamume alisema, na afisa akacheka.

Walipeana mikono. Afisa aliukagua mkono aliopewa. "Kumbe dobi ana mikono migumu hivi? Mimi nilidhani sabuni inalainisha."

"Sabuni ndiyo inayokausha, mzee," mwanamke alidakia. "Na pasi inamalizia."

"Mwache ajibu, dada. Wake zetu wanatusemea mpaka ndoto." Aliwatazama walivyokaa, kila mmoja upande wake, kiti kitupu katikati. "Au mmegombana? Hayo si yangu, mimi nawahukumu kwa biashara tu. Haya, bwana. Nieleze hiyo programu yako."

Mwanamume alieleza kama alivyofundishwa. Kila nguo itakayoingia itapewa kibandiko chenye namba. Namba itaingizwa kwenye kompyuta pamoja na jina na simu ya mteja. Nguo ikiwa tayari, mteja atapata ujumbe. Hakuna tena shati la huyu kuvaliwa na yule.

"Nani atakaa kwenye kompyuta?"

"Mke wangu." Aliyatamka maneno hayo taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa.

"Na wazo lilitoka wapi?"

"Tulipoteza sweta. Mteja aliileta tuifue, ikachukuliwa kimakosa na mtu mwingine. Tuliitafuta kila nyumba, hatukuipata. Ilikuwa ya marehemu mama yake."

Afisa alishusha miwani. "Nisamehe, lakini sweta ni sweta. Si mngemnunulia nyingine, mkaachana naye? Kwa nini serikali itoe fedha kwa ajili ya sweta?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Mwanamke alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Aliona mambo yote yakiporomoka: kodi ya chumba cha kazi, ada ya watoto, na jina lile lililoandikwa juu ya ombi kwa mwandiko wa kulalia upande mmoja.

Mwanamume alianza kusema akiitazama meza.

"Mzee, mtu akishaondoka hakuachii kitu. Sauti inapotea. Uso nao unaanza kufifia, hata ukijilazimisha kuukumbuka. Nguo yake ndiyo inayobaki na harufu yake. Basi unalifungua kabati, unaitoa, unaiweka usoni, siku inapita. Sasa mtu akikupotezea hiyo nguo, amemzika mtu wako mara ya pili. Sisi tulimfanyia hivyo yule mteja. Hatutaki tumfanyie mwingine."

Mwanamke alijikaza akashindwa. Ilikuwa sauti ile ile, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa maneno. Aliinama, akalia bila kujificha.

"Unalia nini, dada?" afisa aliuliza kwa upole.

"Sikujua kama anaweza kusema hivyo."

Afisa alivuta mhuri, akaugonga kwenye ombi mara mbili, ingawa mara moja ingetosha. "Mtunze mumeo," alimwambia. "Watu wa namna hii ni wachache."

"Ndiyo, mzee," alijibu.

Walipita kwenye benchi bila kumtazama mtu. Walishuka ngazi, yeye mbele, mwanamume nyuma, mpaka wakatoka nje kwenye jua. Hapo mwanamke alisimama akashika ukuta. Mwanamume naye alisimama, mbali naye kidogo, akamwacha alie mpaka akatulia.

"Twende, shemeji," alisema. "Tupitie makaburini kwanza. Sitaki pacha wangu aisikie habari hii kwa watu."