Beseni la Zilpa

Tangu uchimbaji uanze kilimani, maji ya Zilpa ya kuoshea vigae hutoka meupe kama tui, maana udongo wa pale ni chokaa tupu. Asubuhi hiyo Hanani, mkuu wa wachimbaji, alimletea kigae chenye jina la mji wa kale wa Waisraeli ambao hakuna aliyejua ulikuwa wapi.

"Tumeupata, mama. Kesho natangaza, nanyi wanakijiji mtahamishwa hapa."

Zilpa akakitumbukiza beseni­ni. Maji yakawa mekundu.

"Lete beseni nikamwage," Hanani akasema upesi.

"Acha yatuame kwanza, bwana." Zilpa akalivuta beseni mapajani. Macho yake hayakubanduka kwenye viatu vya Hanani, vilivyogandwa na tope jekundu.