Samaki wa Bwawa la Mwisho

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wakaguzi hawajafika, Masumbuko aliopoa perege aliyekufa katika bwawa la mwisho la kiwanda cha ngozi, akatia mzima kutoka kwenye ndoo, ili wageni waamini kwamba majitaka yamesafishwa. Miaka sita. Hata marehemu mkewe hakuijua siri hiyo.

Leo, wiki moja tangu mtambo mpya wa kuchuja maji uanze kazi, alimkuta perege wa Jumatatu iliyopita bado anaogelea. Alicheka peke yake kama mwehu, kisha akageuka kutafuta wa kumwambia.

“Samaki wetu yule pale,” meneja aliwaonyesha wakaguzi.

“Aa, huyo tunamjua siku nyingi,” mmoja alijibu, wakapita.

Masumbuko alibaki ukingoni na ndoo yake, perege wa pili akiipiga kwa mkia.