Mgonjwa wa Laban

"Laban, hii ni mara ya tatu wiki hii," Perez alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Jibu langu ni lile lile. Advansi hakuna."

Laban Wakoli alisimama mbele ya meza ya kukatia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Kwa miaka sita alikuwa fundi katika duka la Perez hapo Kisumu, na hakuwahi kuomba hata shilingi kabla ya mwisho wa mwezi. Hilo ndilo lililomkera Perez zaidi. Mtu aliyemwona tofauti na wengine, naye sasa amekuwa kama wao.

"Ni mama, madam. Amelazwa hospitali kuu tangu Jumatatu. Daktari anataka kumpasua, na bila elfu tatu hawamwingizi thieta."

"Mama watoto?"

Laban akatazama sakafu. "Ni mama," alisema tena.

"Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Kaptura mia mbili hazina vifungo, na kitambaa chenyewe nimekopa. Hata watu wetu wa kijijini Pap Onditi nimewaambia, dukani kwangu msilete shida. Sasa wewe ndiye uniletee?"

"Nikate mshahara miezi mitatu, madam. Nitashona hata Jumapili."

"Rudi kwa mashine!"

Alirudi. Ilipofika saa saba akatoka mbio, na aliporejea shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Baiskeli yako iko wapi?" Perez aliuliza.

"Nimeuza, madam."

Akainamia mashine yake, akashona kaptura moja baada ya nyingine bila kupumzika. Perez alijaribu kukata kola, akakosea, akatupa mkasi mezani. Mtu hauzi baiskeli yake kwa mchezo. Siku iliyofuata, Laban alipokuwa ametoka tena mchana, Perez alivuta droo, akatoa noti alizokuwa amemwekea mwenye kitambaa, akazikunja. Akirudi nitampa, alijiambia, ili kelele zake ziishe.

Hapo hapo mke wa Laban akaingia, kapu la ndizi kichwani, anatabasamu.

Perez alimkodolea macho. "Nabututu! Kumbe umeshatoka hospitali?"

"Hospitali gani, madam? Mimi sijambo kabisa." Akatua kapu. "Nimekuja kuuliza tu. Siku hizi Laban mnamwachilia saa ngapi? Anafika nyumbani usiku, chakula hali, na baiskeli sioni. Nikimuuliza, ananyamaza."

Perez alihisi uso ukimwaka moto. Kwa hiyo kuna mama mwingine! Na yeye, mjinga, alikuwa tayari kumlipia! Alisokomeza noti mkobani, akamwambia Nabututu aketi hapo dukani, amngojee arudi.

"Leo tutajua," alisema.

Njia nzima hadi hospitali alikuwa akipanga maneno. Angemfukuza kazi mbele ya huyo mwanamke wake. Mashine ya Laban angempa fundi mwingine kesho asubuhi. Ujumbe angeupeleka kwa Nabututu yeye mwenyewe, bila kuficha kitu.

"Mgonjwa wa Laban?" muuguzi alisema mlangoni mwa wadi ya wanawake. "Kitanda cha nane. Na yule jamaa ana moyo, jamani. Ndiye aliyemkuta ameanguka stendi, akambeba mgongoni mpaka hapa."

Perez alipita katikati ya vitanda kwa hatua ndefu. Alimwona Laban kwa nyuma, ameinama, anamnywesha uji kwa kijiko mtu aliyejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Laban!" alifoka. Wadi nzima ikageuka. "Huyu ndiye mama unayemwombea pesa zangu?"

Kijiko kikaanguka. Laban alisimama wima, akajaribu kumkinga mgonjwa kwa mwili wake, lakini mkono mkavu wa kizee ukamsogeza kando polepole.

"Usimgombeze, Perez mwanangu," mgonjwa alisema. Alikuwa mama yake mzazi. "Mimi ndiye niliyemkataza kukuambia. Si ulituambia watu wa Pap Onditi tusilete shida dukani kwako?"