Marumaru za Kaburi

"Shemeji, fundi anakusubiri wewe tu," mdogo wa marehemu mume wa Dorothea alisema kwenye simu kutoka Bukoba. "Marumaru zinapanda bei kila leo. Watu wanatucheka: kaka amelala kwenye udongo mtupu, na mkewe yuko Marekani anaokota dola!"

Dorothea aliibana simu begani, rozari ingali mkononi. Shanga zake zilikuwa baridi kama barafu. Tangu baridi iingie hapo Hyattsville, hakuwa amewasha hita hata mara moja. Mshahara wa kuhudumia wazee uliishia kwenye kodi ya nyumba, chakula na nauli ya basi. Akiba yake ilikuwa ile tu aliyoibana kwenye umeme, na ndiyo ingejengea kaburi.

Simu ilikuwa imewakuta katikati ya sala. Binti yake alibaki amepiga magoti, koti mwilini, kofia ya sufu kichwani, akaona amalizie mwenyewe.

"Amina," mtoto alisema, na moshi mweupe wa pumzi ukamtoka kinywani, ukaelea humo humo sebuleni.

Dorothea aliutazama hadi ukapotea. Akainuka kwa shida, akaenda ukutani, akazungusha kitufe cha hita. Chuma cha hita kikagonga, kikaanza kunguruma.

"Shemeji, upo? Sasa fundi nimwambieje?"

Aliweka kiganja juu ya chuma, akangoja mpaka kikapata joto.

"Mwambie asubiri, shemeji. Kaka yako hasikii baridi."